Dawa ya kusafisha injini: anayeikataa si bahili

Siku ya sevisi, kabla oili haijamwagwa, fundi hushika kichupa na kusema: "Tuioshe injini kwanza." Mwenye gari anayekubali huonekana analijali gari lake. Anayekataa huonekana bahili, tena asiyejua mambo. Huyu wa pili ndiye ninayetaka kumtetea, ingawa wa kwanza naye ana hoja nzito.

Oili ya injini haiuzwi ikiwa tupu. Kati ya asilimia 10 na 30 ya kilichomo ni viungo vilivyochanganywa kiwandani, na sehemu kubwa yake ni sabuni hasa. Misombo ya kalsiamu au magnesi huua asidi na kuzuia uchafu usigande kwenye vyuma vya moto. Viungo vingine huzishika chembe za masizi moja moja zisishikane, zielee tu mpaka siku ya kumwaga. Ndiyo maana oili mpya kwenye injini ya dizeli huweza kuwa nyeusi ndani ya siku chache. Weusi huo huwatia watu hofu na kuwapeleka kwenye kichupa, ilhali mara nyingi maana yake ni kwamba masizi yameshikwa na oili badala ya kukaa kwenye pistoni. Aliyenunua oili ya daraja linalotakiwa na kuibadilisha kwa wakati ameshalipia usafi. Alama ya API (taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya ubora wa oili) iliyo kwenye kopo nayo inahusu oili kama ilivyotoka kiwandani. Ukiimiminia kitu kingine, huo ni mchanganyiko ambao alama hiyo haiuhusu, na watengenezaji wengi wa magari huandika wazi kwenye kitabu cha gari kwamba oili isiongezwe chochote.

Wanaotetea dawa hawasemi uongo. Gari la safari fupi fupi, ambalo injini yake haipati moto wa kutosha, hubakiza maji na petroli ndani ya oili, na oili iliyochelewa kubadilishwa huchakaa ikawa tope. Ringi za kukwangua oili, yaani pete zinazozunguka pistoni, zina njia ndogo za kuirudisha chini. Zikiziba, oili hubaki kwenye kuta za silinda ikaungua, na gari likaanza kula oili. Hapo dawa inaweza kulegeza ringi iliyokwama, au kunyamazisha tapeti (kidude kinachosukuma vali) inayogonga kwa sababu ya uchafu. Ukilinganisha na gharama ya kufungua injini, kichupa ni jaribio linaloeleweka.

Ila watu hawaulizi uchafu ukishang'oka unakwenda wapi. Chini kabisa, ndani ya sampu, yaani bakuli linalohifadhi oili chini ya injini, kuna chujio la wavu ambalo pampu hunyonyea oili. Filta ya kawaida, ile tunayobadilisha kila sevisi, kwa kawaida ina vali: ikiziba, oili hupita pembeni, chafu lakini inafika. Chujio la sampu kwa kawaida halina njia hiyo ya pembeni. Donge la tope lililokaa miaka kwenye kifuniko cha vali bila kumdhuru mtu likidondoka na kufunika wavu ule, pampu itanyonya isipate. Taa nyekundu ya oili itawaka, na bearingi za kranki zinazoelea juu ya utando mwembamba wa oili zitaanza kusagana chuma kwa chuma. Injini ikinoki hapo, mwenye gari ataambiwa ilikuwa imechoka tangu zamani. Inawezekana kweli ilikuwa imechoka, lakini jana yake ilikuwa inatembea.

Dawa za haraka, zinazokaa dakika 5 hadi 15 injini ikiunguruma gari limesimama, nyingi ni viyeyusho jamii ya mafuta ya taa. Mililita 300 hadi 500 ndani ya lita 4 za oili zinatosha kuifanya iwe nyepesi, kwa hiyo kukanyaga mafuta au kuliendesha gari katika dakika hizo ni hatari. Na sampu haikauki kabisa: mabaki hubaki kwenye mapito na kuchanganyika na oili mpya.

Kwa hiyo injini iliyotunzwa haina cha kuoshwa, na iliyojaa tope zito ndiyo hasa inayoweza kuumizwa na kuoshwa. Kati yao kuna kundi dogo linalofaidika: injini yenye utando mwembamba, historia inayojulikana, na ringi zilizoanza kukwama. Anayewauzia wote kichupa kile kile hajaitazama injini hata moja.

Kuitazama si kazi kubwa. Fungua kifuniko cha kujazia oili umulike ndani kwa tochi. Ukiona rangi ya asali, iache. Ukiona tope jeusi linalokwanguka kwa kidole, afadhali sampu ishushwe na chujio lisafishwe kwa mkono. Kisha weka oili nzuri yenye sabuni ya kutosha, uibadilishe pamoja na filta kila kilomita 2,000 au 3,000, mara mbili au tatu. Uchafu utatoka kidogo kidogo, kwa kasi ambayo filta inaimudu. Kila filta inayotolewa ipasuliwe: mikunjo ya karatasi yake itaonyesha kama tope linapungua, na kama kuna vipande vya chuma vinavyometa, tatizo si uchafu tena.