Lebo ya asali na mnunuzi aliye nje ya wavu

Anayefungasha asali akienda kutengeneza lebo hupokea mashauri mawili yanayogombana. Mbunifu humwambia aweke jina kubwa, nyuki mmoja mzuri, rangi ya dhahabu na maneno machache, tena ya Kiingereza. Watu wa viwango na vipimo wanataka iandikwe ni asali ya namna gani, gramu ngapi, imetoka wapi na imefungashwa lini. Lebo ya chupa ya gramu 250 haizidi kiganja cha mkono, kwa hiyo lazima mmoja asogee. Kwa kawaida anayesogezwa ni huyu wa pili: maelezo yake huhamishiwa mgongoni mwa chupa kwa herufi za kutafuta kwa tochi.

Mbunifu naye hasemi ovyo. Chupa isiyovutia haishikwi, na isiyoshikwa hainunuliwi. Supamaketi za mijini na maduka ya wageni Arusha na Zanzibar yana wateja wanaosoma Kiingereza. Picha ya sega humfikia hata asiyejua kusoma. Na kwa mtu anayefungasha chupa mia moja kwa mwezi, kuchapa lebo moja ya jumla na kuujaza uzito kwa muhuri ni nafuu kuliko kuchapa lebo tofauti kwa kila ujazo.

Ila hoja hizo zinamwaza mnunuzi ambaye chupa iko mkononi mwake. Kwenye duka la mtaani kuna wavu, na chupa iko rafu ya nyuma. Mnunuzi anaitazama kwa mita mbili. Kwa umbali huo, jicho zima kwenye mwanga mzuri linaishia kwenye herufi ya milimita 2.9, ndogo ya hapo haitambuliki. Kusoma bila kukaza macho kunahitaji kama mara tatu yake, yaani karibu milimita 9. Kanuni za Ulaya za bidhaa zilizofungashwa zinataka tarakimu za uzito zisipungue milimita 4 kwa bidhaa inayozidi gramu 200 hadi gramu 1,000. Ni kima cha chini kizuri kwa aliyeishika chupa. Kwa aliye nje ya wavu, milimita 4 ni vumbi.

Na uzito ndio hasa wa kupigania, kwa sababu asali hudanganya macho. Lita moja ya asali ina takriban kilo 1.4, kwa hiyo chupa ya mililita 500 hubeba kama gramu 700. Sokoni chupa hizo mbili, ya "500 g" na ya "500 ml", hukaa bega kwa bega, na nyingine haina kipimo kabisa kwa kuwa ilizaliwa chupa ya maji ya kunywa. Tuseme ya gramu 500 inauzwa shilingi 10,000 na ya mililita 500 inauzwa 12,000. Mnunuzi ataona ya pili ni ghali. Kwa kilo, ya kwanza ni 20,000 na ya pili ni zaidi kidogo ya 17,000. Mfungashaji mwaminifu aliyejaza gramu 700 akaandika mililita amejipiga mwenyewe: asali yake ya bei nafuu inaonekana ya wenye nacho. Kosa hilo huanzia kwa muuza chupa, anayezitaja kwa mililita, nalo likanakiliwa hadi kwenye lebo. Dawa yake ni mizani: pima chupa tupu pamoja na kifuniko, jaza, pima tena, kisha andika kwa gramu tofauti ya vipimo hivyo viwili.

Neno linalofuata kwa thamani ni aina. "100% Pure" limejaa kila chupa (bado hajatokea aliyeandika 60%), kwa hiyo halimsaidii mtu kuchagua. "Nyuki wadogo" au "nyuki wakubwa" linamsaidia, maana asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ni nyepesi, ina ukali kidogo na bei yake huwa juu. Asiyeambiwa akiionja hudhani imetiwa maji. Ndivyo ilivyo pia kwa asali iliyoganda: hurudishwa dukani kwa madai ya kuchanganywa sukari, wakati sentensi moja ingetosha: "Asali ikiganda haijaharibika, weka chupa kwenye maji ya vuguvugu." Onyo la kutompa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja halijadiliwi, kwani asali inaweza kuwa na vijimbegu vya bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu inayolegeza misuli, ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliviwezi.

Urembo wenyewe huangukia kwenye uchapaji. Maandishi ya dhahabu juu ya stika inayoonyesha kilicho nyuma yake hupendeza kwenye kompyuta, ambako nyuma yake ni kweupe. Chupa ikijazwa asali nzito ya miombo, nyuma panakuwa kahawia na maandishi yanazama. Chini ya maandishi lazima ipite tabaka ya wino mweupe, au stika iwe nyeupe tangu mwanzo. Herufi ndogo zichapwe kwa wino mweusi peke yake. Zikitengenezwa kwa kupandanisha rangi nne za uchapaji, rangi moja ikihama kidogo tu herufi inaota kivuli. Stika ya karatasi hulainika chupa inapofutwa kwa kitambaa chenye maji, na asali haikosi kuchuruzika, kwa hiyo ya plastiki ni bora. Mahali pa tarehe paachwe bila laminesheni, yaani utando wa plastiki wa juu, la sivyo muhuri unafutika kwa kidole.

Nyuki abaki, na Kiingereza kibaki kwa herufi ndogo kwa ajili ya mgeni, ambaye chupa anaishika. Lakini usoni patangulie "Asali ya nyuki wakubwa", kisha "gramu 500" kwa tarakimu za milimita 9 au 10. Kabla ya kuchapa elfu, chapa moja kwa printa ya kawaida, ibandike kwenye chupa iliyojaa, iweke rafuni jioni taa ikiwa imewashwa, umwite mtu mzima asiye na miwani asimame nje ya wavu na akusomee.