Ile Habari ya Suruali, Nisimulie Mwenyewe

Jamani, najua yule rafiki yangu kashawatumia sauti kwenye magurupu, kicheko kingi kuliko maneno. Pale anaposema nilikimbia, ni uongo. Ningekimbiaje na suruali iko kwenye vifundo?

Tulikuwa na banda la kupima afya bure sokoni. Kwa msiojua, mimi ni afisa lishe: mzani wangu, ubao wa urefu, futi kamba na kipaza sauti. Watu wanasukumana tu, hapandi mtu. Mama mmoja muuza dagaa akasema, "Dokta, si uanze wewe tuone!" Makofi.

Sasa, alfajiri kabla watu hawajajaa nilikuwa nimeshajipima kimyakimya, na viatu, mkanda, funguo na simu mbili mfukoni: kilo 85.3. Urefu wangu ni mita 1.68. BMI, yaani kipimo cha uzito ukilinganisha na urefu, unachukua kilo unagawa kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe; 1.68 mara 1.68 ni 2.82, jibu 30.2. Na 30 ndipo unapoanzia unene uliokithiri. (Wadau, narudia, kwa wenyewe, siyo kwa mbili! Ukizidisha kwa mbili mimi napata 25 na pointi, naenda kuagiza chipsi mayai.)

Kwa hiyo nikashika kipaza sauti, nikafundisha: mzani ukae sakafu ngumu, siyo juu ya mkeka, vua viatu, vua kofia, toa vya mfukoni. Halafu kwa kiherehere changu nikavua na mkanda. Kilo 84 kamili. BMI 29.8! Nikaitangaza kama matokeo ya ubunge: "Uzito umezidi kidogo tu, ndugu zangu, 25 mpaka 29.9!"

Ningeshuka hapo, leo mngekuwa mnamcheka mtu mwingine.

Akapanda kuli wa viazi, kifua kama mlango. Kilo 81, mita 1.70, BMI 28. "Yaani mimi na wewe wote wanene?" Swali la haki kabisa. BMI haijui misuli ni ipi na mafuta ni yapi, ndiyo maana tunapima na kiuno. Futi ikasoma sentimita 82, na nusu ya urefu wake ni 85. Nikamwambia kiuno kikiwa chini ya nusu ya urefu, hapo sina wasiwasi naye. Soko likaitikia: "Na wewe, dokta! Na wewe!"

Futi inapita katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, imelala sawa, haikazwi. Unatoa pumzi kawaida, ndipo inasomwa. Mwanaume akifika 94 hatari imeanza kupanda, akipita 102 imepanda sana. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Na tumbo haliingizwi ndani! Hilo nililisema kwa kipaza sauti, mashahidi wapo.

Muuguzi mwenzangu akanipandisha shati. Nikaingiza tumbo ndani.

Kumbe tangu mkanda utoke, suruali ilikuwa inashikiliwa na tumbo peke yake. Kwanza nikasikia upepo kiunoni. Nikajua. Lakini mkono mmoja una kipaza sauti, mwingine nimeunyanyua kumpisha muuguzi, na akili ikaniambia ukishusha mkono watagundua. Ikapita makalio taratibu, haina haraka. Ikafika magotini, ikasita. Nikabana magoti. Badala ya kuinama nikasema "ee" kwenye kipaza sauti, spika zikaipeleka mpaka stendi. Ikamalizia safari.

Chini nimevaa bukta ya kijani na njano, rangi za Yanga. Mimi, ninayejulikana soko zima kwa Simba!

Kimya. Halafu yule mama wa dagaa: "Kumbe Mwananchi!"

Nikavuta suruali, nikafunga mkanda, nikapimwa upya. Safari hii pumzi ilishatoka yenyewe. 104, ikaandikwa. Foleni ikafika kwenye matikiti, na kila anayepanda mzani anashikilia suruali yake kwa mikono miwili.

Bukta ni ya mdogo wangu, tunaanika kamba moja. Na nyie wa tawini mnaonitumia vikatuni tangu jana, mchango wangu wa mwezi huu nimeshalipa, fungueni daftari.