Nani kawaambia mshikane miguu alfajiri?

Juni hii Mbeya, saa kumi na mbili asubuhi, baridi inang'ata masikio, na vikundi vya jogging vimeshafika uwanja wa Sokoine. Mbio safi, nyimbo safi. Kisha mwenye filimbi anapaza sauti: "Wawili wawili, mshike mwenzako miguu, situp mia!" Yaani kulala chali na kujiinua hadi kukaa, mara mia. Hapo uvumilivu unaniishia.

Kwanza, saa yenyewe. Ukilala usiku, diski zilizo kati ya pingili za mgongo hunyonya maji na kujaa. Ndiyo maana mtu huamka mrefu kidogo kuliko alivyolala. Diski iliyojaa haitaki kukunjwa. Ipe saa nzima ya kusimama na kutembea ipungue. Nyie mnatoka kitandani, nusu saa baadaye mnaikunja mara mia.

Halafu hiyo miguu. Ikishikwa, kazi kubwa ya kukunyanyua inahamia kwa msuli wa nyonga, ule unaoanzia kwenye pingili za kiuno na kushuka hadi mfupa wa paja. Kila ukiinuka unazivuta pingili hizo. Kesho yake kinauma kiuno, mwenye filimbi anasema "mafuta yanaungua." Mafuta gani? Kitambi hakiyeyuki pale kinapokunjwa. Muulizeni sahani ya ugali.

Misuli ya katikati ya mwili kazi yake kubwa ni kuzuia kiuno kisipinde. Mtazame mbeba magunia wa soko la Mwanjelwa anayeijua kazi: lumbesa ya viazi mgongoni, kiuno kimetulia, miguu ndiyo inayokwenda. Chini ya vile vipande vya tumbo vya kupigia picha kuna msuli uliolizunguka tumbo kama mkaja, nao hukaza hata kabla mkono haujainuka. Tia vidole ubavuni, kati ya mbavu na mfupa wa nyonga, kisha kohoa. Umesikia ukuta ulivyovisukuma vidole nje? Ushikilie hivyo kwa robo ya nguvu huku unapumua kawaida. Ukibana pumzi umekosea. Ukinyonya tumbo ndani umekosea zaidi.

Ukishaweza hilo, mazoezi matatu ya Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, yanatosha. Lala chali, goti moja limekunjwa, viganja chini ya kiuno, inua kichwa na mabega kiasi cha daftari kupita. Sekunde 10, shusha. Mara 6, pumzika, 4, pumzika, 2. La ubavu: kiwiko wima chini ya bega, anayeanza aweke magoti chini, hesabu ile ile. La tatu, piga magoti na viganja, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha badilisha. Hapa wengi hurusha mguu juu mno, kiuno kikabonyea. Kisigino kisipite usawa wa makalio. Mwenzako akuwekee kikombe cha maji kiunoni (si cha chai ya moto, jamani), kikimwagika, rudia.

Jimu huna? Ndoo ya lita 20, tia maji lita 10, ibebe mkono mmoja hatua 30 bila kulalia upande. Badilisha mkono.

Haya, wapo mabondia waliokunja situp tangu utotoni na migongo yao mizima. Waendelee, ila mchana. Mama aliyejifungua, ambaye akijiinua tumbo linachomoza katikati kama paa, aziache kabisa amwone mtaalamu wa viungo.

Jeshi la Marekani lenyewe limeziondoa situp kwenye jaribio lake la viungo, likaweka planki, yaani kujishikilia umenyooka kama ubao juu ya viwiko na vidole vya miguu. Sisi bado tunashikana miguu.