Uzito Umerudi, Miguu Je?

Kwenye kundi la familia yetu la WhatsApp imetumwa picha ya baba mdogo akiwa sebuleni kwake Tabata. Shati limemkaa vizuri, mashavu yamejaa. Pongezi zikamiminika: "Mashallah, kanawiri!", "Kilo zote zimerudi!", na shangazi mmoja akamalizia kwa mstari mzima wa maua. Baba mdogo alilazwa kwa virusi vilivyomshukia mapafuni, akawekwa oksijeni, akaingia ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, akatoka. Mungu ashukuriwe. Ila mimi nilikuwepo sebuleni picha ilipopigwa, na najua kwa nini alipigwa akiwa amekaa. Kumtoa kwenye lile kochi ni kazi ya watu wawili.

Nikauliza kundini: "Anasimama mwenyewe?" Kimya. Baadaye mtu akanijibu kwamba niache roho ya korosho.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, wale ambao wodini ndugu wa mgonjwa hutuita "watu wa kukanda" na kutuuliza kama tumekuja na mafuta yetu. Hilo nimeshazoea. Nisichozoea ni karatasi ya kuruhusiwa. Ya baba mdogo nimeisoma mbele na nyuma: joto, presha, mapigo ya moyo, oksijeni, uzito wa kuingia, uzito wa kutoka, dawa, tarehe ya kurudi kliniki. Kuhusu miguu iliyombeba miaka yote hiyo hakuna hata nusu mstari. Hospitali siitaji, maana nikiitaja mtadhani ugonjwa huu ni wake peke yake.

Hebu tuziangalie hizo kilo. Mtu aliyeugua vikali hali chakula, homa inamuunguza, mwili unabomoa misuli yake wenyewe ili upate cha kutumia, na juu ya yote hayo amelala chali. Watafiti wa Uingereza waliwapima wagonjwa mahututi msuli wa mbele wa paja kwa ultrasaundi, wakachapisha majibu 2013: ndani ya siku 10 msuli ulikuwa umesinyaa kwa karibu asilimia 18, na wale ambao viungo kadhaa vya ndani vilishindwa kazi walipoteza zaidi. Siku 10 tu! Wala si lazima uwe mahututi. Wazee wenye afya zao waliojitolea kulala kitandani siku 10 katika utafiti wa Marekani walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Halafu ongeza deksamethazoni, dawa ya jamii ya steroidi, ambayo tangu katikati ya 2020 tunajua inaokoa maisha ya wagonjwa wa UVIKO wanaohitaji oksijeni. Dawa hiyo hiyo haina huruma na misuli. Mgonjwa akipata nafuu anaanza kula, mizani inapanda, na sehemu kubwa ya kinachorudi mwanzoni ni mafuta na maji. Nilimbonyeza baba mdogo kwenye kifundo cha mguu, kidole kikaacha shimo. Familia ilikuwa inapongeza uvimbe.

Sasa nina jambo moja la kusema, na nitalisema mpaka mchoke. Tafuteni benchi. Mgonjwa akae, akunje mikono kifuani, asimame wima kabisa, akae tena, mara tano mfululizo, haraka kadiri awezavyo. Simu yako ina saa ya kuhesabu sekunde. Mwongozo wa Ulaya wa 2019 kuhusu upotevu wa misuli unasema akizidi sekunde 15 nguvu zake hazitoshi. Wenzao wa Asia, mwaka huo huo, wakakaza zaidi, wakasema 12. Asiyeweza kusimama hata mara moja bila kujisukuma kwa mikono hahitaji saa, anahitaji mpango wa mazoezi kabla hajavuka geti la hospitali. Gharama yake yote ni benchi, na wodi inalo, ndugu wamelikalia wakisubiri dawa.

Tafadhali, kisiwe kile kiti cha plastiki cheupe chenye mikono. Mgonjwa ataing'ang'ania ile mikono, atajiinua, nawe utaandika sekunde za mabega yake ukidhani ni za mapaja. Kochi ndiyo usiseme. Makochi tunayoyapenda mjini hapa yanammeza hata mzima.

Nang'ang'ania mapaja kwa sababu maisha yetu yako kwenye mapaja. Daladala haikusubiri uinue mguu taratibu, konda ameshagonga bodi. Choo cha kuchuchumaa hakina cha kushika. Anayeswali anashuka sujudu na kuinuka mara ngapi kwa siku? Nilipomuuliza mama mdogo faraghani, bila picha wala maua, alinieleza yote kwa pumzi moja: tangu mumewe arudi anaswalia kwenye kiti, chooni wamemtobolea kiti cha plastiki katikati, na usiku hataki kunywa maji ili asilazimike kuamka. Huyo mama ana majibu ya kipimo kizima kichwani, na tangu siku ile ya kuruhusiwa hakuna aliyemuuliza.

Maswali yenyewe yapo tayari, yametungwa zamani, ni matano: unapata shida kubeba kilo 4 na nusu, kuvuka chumba, kuinuka kitini au kitandani, kupanda ngazi 10, na umeanguka mara ngapi mwaka huu? Kila swali lina alama 0 hadi 2, na jumla ikifika 4 mtu anahitaji kuangaliwa zaidi. Kilo 4 na nusu ni dumu la mafuta ya kula la lita 5, kila jiko linalijua. Muuguzi anaweza kumuuliza mgonjwa hayo akiwa anafunga bandeji.

Najua kwa nini tunaangalia mashavu, na hapa naomba niache utani. Nchi hii iliona wagonjwa wake wa kwanza wa ukimwi Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi baada ya hapo kukonda kulikuwa hukumu. Watu walisomwa nyuso mtaani. Mpaka leo mtu akitoka hospitali amepungua, familia inakimbizana kumnenepesha kabla majirani hawajaanza kunong'ona. Akinenepa, aibu imeondoka, kila mtu anashusha pumzi. Siwezi kumlaumu mama aliyezika ndugu zake miaka ile kwa kufurahia shavu lililojaa. Mhudumu wa afya aliyesomeshwa ndiye ninayemlaumu, anayeitazama picha ile ile kwa macho yale yale.

Jambo jingine linalonichosha ni hili la mapafu. 2021, enzi za "changamoto ya upumuaji" na nyungu kila nyumba, wote tulikuwa tunaulizana habari za mapafu, na tumebaki hapo. Mgonjwa akihema akipanda ngazi, jibu ni mapafu. Toronto, Canada, waliwafuatilia watu waliopona baada ya mapafu kushindwa kazi ghafla, wengi wakiwa watu wa makamo. Walitoka ICU wakiwa wamepoteza asilimia 18 ya uzito wao. Baada ya mwaka mmoja, kwa dakika 6 walitembea wastani wa mita 422, sawa na asilimia 66 ya kilichotarajiwa kwao. Baada ya miaka 5 mapafu yalikuwa yamerudi karibu na kawaida, lakini mwendo ulikuwa bado asilimia 76. Wenyewe walipoulizwa shida yao ni nini, walisema misuli imekwisha na uchovu. Nasi tunaendelea kuwapiga eksirei ya kifua.

Haya, nakubali. Benchi si mahakama. Mwenye magoti mabovu atachelewa, mwenye kizunguzungu atachelewa, na mwenye moyo uliochoka hapaswi kufanyishwa mbio bila kidude cha oksijeni kidoleni na mtu wa kumdaka pembeni. Sekunde zinapima nguvu, hazipimi wingi wa nyama. Mizani nayo, sawa, isitupwe, mtu aliyepungua kilo nyingi ni wa kuhangaikiwa. Na madaktari wetu wana foleni ambayo mimi nisingeiweza hata asubuhi moja. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja linaloeleza kwa nini sekunde 15 zimekosekana kwa mtu aliyelazwa wiki kadhaa.

Anayetaka vifaa, vipo. Kipima nguvu za mkono unapobana kwa kiganja: chini ya kilo 27 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke ni dhaifu, kwa mwongozo ule ule wa Ulaya. Ultrasaundi zimejaa kila mtaa kwa ajili ya wajawazito, paja nalo lina ngozi ya kupakwa ile jeli. Utepe wa kuzungushia mkono kupima utapiamlo tunao kwa watoto, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu na kila mtu zahanati anashtuka. Mtu mzima akitoka ICU na paja kama fimbo ya mchungaji, hakuna rangi yoyote.

Na kwa wale wanaoshangilia majibu ya figo: krietinini, ile taka ya damuni inayopimwa kujua figo zinavyofanya kazi, hutoka kwenye misuli. Misuli ikiisha nayo inashuka, na figo zilizo taabani zinaweza kuonekana nzuri kwenye karatasi. Mwambieni anayesoma majibu amtazame na mgonjwa.

Chakula nitasema kidogo tu, maana nikianza sitamaliza. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, kitanda kinajaa zabibu, juisi za boksi, glukosi na uji mweupe. Sukari tupu. Mgonjwa wa kilo 60 anayejijenga upya anahitaji protini gramu 70 na kitu kwa siku, na yai moja lina kama 6. Leteni mayai, maharage, dagaa, samaki wa Feri. Kama figo zina shida, muulizeni daktari kwanza. Na mkinikuta nimemketisha ukingoni mwa kitanda nikimhesabia "moja, mbili", msianze "dada, mwache apumzike, mbona unamtesa?" Amepumzika vya kutosha, ndiyo maana miguu imekwisha.

Kliniki ninakofanyia kazi tumeanza kuwasimamisha kwenye benchi wagonjwa wote wanaorudi baada ya kulazwa kwa homa kali za virusi, iwe UVIKO, mafua makali au dengi. Wengine wanacheka, wengine wanakasirika, na mzee mmoja aligoma hadi mkewe alipokubali kufanya naye. Mkewe akamshinda. Fomu yetu haina sehemu ya sekunde, kwa hiyo muuguzi kiongozi akaniuliza aziandike wapi. Nimemwambia aziandike pale pale kwenye uzito, kwa kalamu nyekundu, mpaka watuletee fomu nyingine.