Nywila imekubaliwa, halafu giza

Hakuna kinachonikera kama seva ya Linux inayopokea nywila yangu vizuri kisha inaniacha na skrini nyeusi. Ingenikatalia mlangoni ningejua pa kuanzia. Hii inakukaribisha, halafu kimya. Kishale cha mausi kipo, kinasogea, basi.

Jana nimehangaika nayo saa 3 nzima. Nimewasha upya mara nne, nikakishuku kiendeshi cha kadi ya picha (programu inayoiwezesha kufanya kazi), nikakiondoa, nikakirudisha. Mwishowe nikabonyeza Ctrl+Alt+F3, nikaingia kwenye skrini ya maandishi matupu, nikaandika df -h, amri inayoonyesha nafasi ya diski. Diski 100%! Faili moja la logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo, ndani ya folda ya /var/log lilikuwa limevimba mpaka eneo-kazi (skrini ya madirisha na aikoni) likakosa pa kuandika vifaili vyake vya kuanzia. Nikalipunguza, nikaingia, kila kitu kikarudi.

Na mashine ilijua. Kila programu iliyojaribu kuandika ilirudishiwa jibu kwamba nafasi imekwisha. Jibu hilo likaishia humo humo ndani. Nani aliamua mtumiaji asiambiwe? Mstari mmoja tu juu ya ule weusi, "diski imejaa", ningelala saa 4 badala ya saa 7 usiku.