Toledo: gari libaki chini ya kilima

Wengi wanaotoka Madrid kwa gari kuelekea Andalusia, kusini mwa Hispania, huuchomeka mji wa kale wa Toledo kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, kisha wanalalamika kwamba wameona foleni na maduka ya panga za mapambo tu. Kosa si la mji. Ni kilomita 70 hivi kutoka Madrid, kwa hiyo mabasi ya watalii wa siku moja hushusha watu asubuhi na kuwazoa jioni. Ukifika nao, utabanana nao. Fika saa kumi alasiri, lala hapo, ondoka kesho yake saa tano.

Kutoka Madrid shika barabara kuu ya A-42, ambayo hailipiwi. Ramani ya simu ikikupeleka AP-41, hiyo ni ya kulipia, na kwa umbali huu hatuoni sababu ya kuitolea pesa.

Usiegeshe kwanza. Mto Tajo umeukumbatia mji pande tatu, na ng'ambo ya kusini kuna barabara inayopanda hadi Mirador del Valle, mahali pa kutazamia mji. Kutoka hapo unauona mji mzima: ngome ya Alcázar upande mmoja juu ya paa, mnara wa kanisa kuu katikati. Jua la jioni hupiga kuta kutoka magharibi. Pita hapo ungali ndani ya gari, maana kwa miguu ni mbali.

Sasa gari. Usiliingize mji wa kale, hata kama hoteli yako iko ndani. Vichochoro vingine vinakula vioo vya pembeni, na kuna njia zenye kamera ambazo ni za wenyeji. Ukiwa na gari la kukodi, faini hukufuata hadi nyumbani, ikiwa na ada ya kampuni juu yake. Kama huna budi, ipe hoteli namba ya gari mapema na uulize ni njia ipi hasa. La sivyo, egesha chini, upande wa Safont au nje ya lango la Bisagra. Mstari wa bluu ni wa kulipia, mweupe ni bure, wa njano usiuguse. Mizigo isionekane kioo cha nyuma. Kutoka pande zote mbili kuna ngazi za umeme za kukupandisha kilimani, ila usiku husimama. Soma saa kwenye kibao kabla hujapanda, usije ukashuka na sanduku gizani.

Ukiwa na muda wa kuingia sehemu moja tu, wengi watakuambia kanisa kuu. Sisi tunasema Cristo de la Luz. Ni msikiti mdogo wa matofali uliokamilika mwaka 390 Hijria, yaani mwishoni mwa 999, baadaye ukageuzwa kanisa. Ndani kuna nguzo nne na kuba tisa, na hakuna kuba linalofanana na jingine. Tazama juu ya milango ya nje: maandishi ni Kiarabu cha khati ya Kufi, herufi zake ni matofali yenyewe, bila nukta, kwa hiyo hata aliyehitimu chuoni atapapasa kidogo kabla ya kuiona bismillahi. Lugha nayo ilibaki: meya hapa ni alcalde, kutokana na al-qadi, kadhi wetu yule yule, na aceituna ni zeituni.

Bangili ya watalii, pulsera, inafungua sehemu saba, huu msikiti ukiwamo. Inalipa ukiingia nne au zaidi. Kanisa kuu halimo. Lina tiketi yake.

Chakula cha mchana Hispania huanza saa nane, cha usiku saa tatu. Ukienda saa kumi na mbili jioni utakuta jiko limezimwa. Carcamusas, mchuzi wa hapa, ni nyama ya nguruwe, asiyekula aulize. Mazapán ya lozi na sukari haina shida hiyo. Nunua yenye nembo ya Mazapán de Toledo: angalau nusu yake lazima iwe lozi.