Gundi au weldingi kwenye bodi ya gari: nguvu tunaibishania sana, ukaguzi tunausahau

Oktoba 2017 juri ya mahakama huko Dallas, Texas, iliamua kwamba gereji moja ya bodi inawajibika kwa kama dola milioni 31.5 kwa mume na mke walioungua na kuumia vibaya kwenye ajali. Gari lilikuwa Honda Fit ya 2010, hizi hizi tunazopishana nazo kila siku. Kabla hawajainunua, paa lake liliharibiwa na mvua ya mawe na gereji ikaweka paa jipya, ila badala ya kupiga spoti weldingi, yaani vitone vya kuchomelea bati kwa bati, kama kitabu cha Honda kinavyoagiza wakalibandika kwa gundi ya paneli. Kwa macho hakuna cha kulaumu, paa limekaa sawa na rangi iko poa. Gari likauzwa used, wale wakanunua bila kujua chochote kuhusu paa, na Desemba 2013 wakagongana na pikapu, bodi ikajikunja kuliko ilivyotakiwa, moto ukawaka, mume akabaki amebanwa ndani.

Ukimhadithia fundi wa kuchomelea kisa hiki atakwambia si nilisema, gundi ni ya viatu, chuma kinashikwa na moto. Ukimhadithia mtu anayefuatilia magari mapya naye atakwambia acha ushamba, Lotus, wale Waingereza wa magari ya michezo, wanabandika chesisi nzima tangu miaka ya tisini na zinakimbia mbio mpaka leo. Wote wawili wana ukweli mkononi, na mi naona wote wawili wanabishania nguvu ya gundi wakati kitu kilichowaumiza wale watu ni kingine kabisa.

Tuanze na upande wa gundi maana hoja zake ni nzito kuliko wengi wanavyodhani. Bodi ya gari la kawaida ina vitone vya spoti weldingi elfu kadhaa, na kila kitone kinabeba mzigo peke yake, katikati ya kitone na kitone bati limegusana tu, halijashikana. Gari likipita kwenye mashimo mzigo wote unakimbilia kwenye hivyo vitone na ndo ufa unapoanzia. Gundi inashika mshono mzima, mzigo unatawanyika, bodi inakuwa ngumu zaidi bila kuongeza unene wa bati, na maji hayapati pa kupenya kirahisi. Ndo maana viwanda vingi sasa hivi vinafanya vyote pamoja, wanapitisha mstari wa epoksi, gundi inayoiva ikawa ngumu, kwenye mshono, wanapiga spoti juu yake, halafu bodi ikiingia kwenye tanuri la kukausha rangi ya kwanza, kwenye joto la nyuzi 160 mpaka 180 hivi, na epoksi inaiva humo humo.

Halafu kuna aluminiamu. Wanaochomelea aluminiamu wanajua tabia yake, ile aina inayoitwa 6061 iliyoimarishwa kwa joto ukiipiga moto eneo la karibu na mshono linalegea sana, linaweza kubaki na karibu nusu tu ya uwezo wake wa kuhimili kabla ya kupinda, kwa hiyo inabidi utumie bati nene zaidi ili kufidia udhaifu uliouleta wewe mwenyewe. Lotus kwenye Elise ya 1996 wakalikimbia hilo tatizo kabisa, wakachukua vipande vya aluminiamu vyembamba, wakavitibu uso kwa umeme na kemikali, wakavibandika kwa epoksi ya kuiva kwenye joto, na chesisi ikatoka na kilo 68 hivi, yaani uzito wa mtu mzima mmoja. Ford nao walipoigeuza bodi ya pikapu yao ya F-150 ya 2015 kuwa ya aluminiamu walitumia riveti na gundi, na wenyewe walisema gari limepungua mpaka paundi 700, kama kilo 318. Na BMW i3 iliyotoka 2013 chumba chake cha abiria ni cha nyuzi za kaboni, kitu ambacho huwezi kukichomelea hata ukitaka, na ukikitoboa kila sehemu unakata zile nyuzi zenyewe zinazokipa nguvu, kwa hiyo pale kiwandani Leipzig, Ujerumani, maroboti yalikuwa yanamwaga gundi. Faida nyingine ya hapo ni kwamba kaboni au chuma kikigusana na aluminiamu penye unyevu aluminiamu inaliwa na kutu ya kiumeme, sasa gundi inakaa katikati inavitenganisha.

Lakini hapa kuna kitu mashabiki wa gundi huwa wanakiruka. Ile chesisi ya Elise ina skrubu pia! Na Jaguar XJ ya 2003, ambayo bodi yake ni ya aluminiamu ya kubandikwa, ina riveti zaidi ya 3000. Hawakuziweka kwa woga. Gundi ni kama stika uliyobandika kwenye kioo, ukiisukuma iteleze haitoki hata kidogo, ila ukiingiza ukucha kwenye kona inabanduka yote kwa nguvu ndogo tu. Kwenye ajali bati linajikunja na kufunguka, yaani linafanya kazi ya ule ukucha, sasa skrubu na riveti zipo pale kuzuia kona isianze kufunguka. Pia zinashikilia vipande mahali pake wakati gundi haijaiva. Kwa hiyo ule mjadala wa gundi peke yake badala ya kila kitu, kwa watu wanaotengeneza magari yenyewe umeshapoa zamani, wanachanganya.

Sasa nije kwenye kinachonisumbua mimi, nacho ni ukaguzi.

Mshono wa weldingi mbaya mara nyingi unajisema. Unauona una matundu, umekaa juu juu, bati limetoboka, na hata kama ubaya uko ndani kuna eksirei na vipimo vya mawimbi ya sauti vya kuutafuta. Bolti unaishika kwa spana ya kupimia nguvu unajua imekazwa au la. Gundi haina hiyo. Vipimo vya mawimbi vinaweza kukuonyesha sehemu ambayo gundi haikufika, lakini sehemu ambayo gundi ipo, imegusana na bati vizuri, ila haijalishika kwa sababu fundi alipangusa na kitambaa chenye mafuta, hiyo vipimo vinaisoma kama mshono mzima. Hakuna kipimo cha kuaminika cha kukwambia kiungo hiki kilichokwisha kukauka kina nguvu kiasi gani bila kukivunja. Ndo maana kwenye ndege, kwa viungo vya kubandika ambavyo vikiachia ndege inaanguka, Wamarekani wanataka mtengenezaji afanye moja kati ya matatu: asanifu ndege ili gundi ikiachia kitu kingine kiuzuie mwachano usisambae, au kila kiungo kijaribiwe kwa mzigo halisi, au awe na njia ya ukaguzi inayothibitisha nguvu ya kila kiungo. Hiyo ya tatu iko kwenye maandishi ila kiutendaji bado haijapatikana, kwa hiyo wanarudi kwenye riveti za tahadhari.

Na wana sababu ya kuogopa. Tarehe 28 Aprili 1988 Boeing 737 ya Aloha Airlines ikitoka mji wa Hilo kwenda Honolulu, huko huko Hawaii, ilibanduka paa la mbele angani, kama mita 5 na nusu hivi za ganda la ndege zikapeperuka, mhudumu mmoja akavutwa nje akapotea, ila rubani akafanikiwa kutua. Ndege ilikuwa imeruka mara 89,680. Ile mishono ya ganda ilitengenezwa iwe ya gundi na riveti kwa pamoja, na gundi ndo ilitegemewa itawanye mzigo. Gundi yenyewe ilikuwa ya kitambaa chenye epoksi kinachotunzwa kwenye baridi, na kikitolewa kikiwa bado na umande, au uso wa bati ukiwa haukuandaliwa sawa, hakishiki vizuri. Ikaachia taratibu kwa miaka, maji ya chumvi ya Hawaii yakaingia, mzigo wote ukahamia kwenye riveti ambazo matundu yake yalikuwa na kingo nyembamba kama kisu, nyufa zikaanza tundu kwa tundu mpaka zikaungana. Boeing walishaacha kutumia gundi ya aina hiyo tangu 1972, lakini ndege za zamani zilikuwa bado zinaruka. Ukikisoma kisa hiki vizuri utaona gundi ilifeli na riveti nazo zikafeli, na wakaguzi nao wakapita pale pale bila kuona.

Kuna na lile la Boston, Marekani, Julai 2006, siyo kiwandani ila somo ni hilo hilo. Paneli za zege za dari ya handaki, zaidi ya tani 20, ziliangukia gari na mwanamke akafariki. Nanga za dari zilikuwa zimeshikwa na epoksi ya kukauka haraka, nayo kwa mzigo wa dakika chache ni imara, ila ukiiachia mzigo unaning'inia usiku na mchana inanyooka polepole mpaka inaachia. Chuma kwenye joto la kawaida hakina hiyo tabia, na mtu anayekwambia gundi yake inabeba kilo kadhaa muulize kwa muda gani na kwenye joto gani, kwa sababu bati jeusi lililopigwa na jua la Dodoma saa nane mchana siyo bati la maabara.

Kwetu huku gundi ya kubeba mzigo tunayokutana nayo zaidi ni ya kioo cha mbele, na watu hawaichukulii kama sehemu ya bodi kabisa. Kile kioo kinachangia ugumu wa gari, na kwenye magari mengi eabegi ya abiria ikifunguka inaegemea kioo ndo imrudie mtu. Kioo kikitoka, eabegi inaenda nje. Halafu unakuta fundi anakiweka kwa silikoni ile ya kuzibia sinki, au anatumia polyurethani halisi, ile gundi yenyewe ya vioo, lakini anakwangua mpaka anachubua rangi, hapaki praima, anapangusa kwa petroli, dakika kumi na tano mwenye gari anaondoka. Kazi yenyewe inavyotakiwa, gundi ya zamani inakatwa ibaki safu nyembamba ya milimita moja mbili, maana gundi mpya inashika vizuri sana kwenye ile ya zamani iliyokatwa upya, palipochubuka panapakwa praima ili kutu isianze, na ule ukingo mweusi wa kioo unaachwa ufunike mstari wote wa gundi kwa sababu jua linaila. Na polyurethani ya kopo moja inakaushwa na unyevu wa hewa, kwa hiyo Tanga au Mombasa inakauka mapema kuliko Dodoma wakati wa kiangazi, gundi ile ile, fundi yule yule. Nani anamwambia mteja hilo?

Upande wa pili nao usijione uko salama, kwa sababu gereji zetu zinafanya kosa la Dallas kinyume chake. Gari jipya jipya limegongwa ubavuni, mshono wake una epoksi ndani, fundi anawasha gesi ama anapiga weldingi ya fimbo juu yake kama alivyozoea kwenye pikapu za zamani, epoksi inaungua inatoa moshi mzito, inabaki masizi, maji yanaingia, na ile nguzo ya katikati ambayo siku hizi ni chuma kigumu sana inapoteza ugumu wake kwa joto. Kisha inapigwa puti na rangi. Mnunuzi wa pili hana namna ya kujua, sawasawa na wale wa Honda Fit. Kwa hiyo mtu akiniuliza kipi salama, nitamjibu kile alichoandika mtengenezaji kwa gari hilo hilo, palipoandikwa weldingi usibandike, palipoandikwa gundi na riveti usichomelee, na shida yetu kubwa ni kwamba magari yanashuka bandarini kutoka Japani lakini vitabu vya kurekebishia bodi havishuki nayo.

Afya nako ngoma ni sare, moshi wa weldingi uliwekwa na shirika la utafiti wa kansa la IARC mwaka 2017 kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha kansa, na upande wa gundi epoksi mbichi inaharibu ngozi na polyurethani inaweza kumwachia mtu pumu ya kudumu. Kwenye kuchakata gari chakavu ndo gundi inashindwa wazi, bolti unafungua, kiungo cha gundi mpaka upashe moto au ukate.

Mimi binafsi gundi naiunga mkono kiwandani, kwenye tanuri na roboti na uso uliotibiwa, tena ikiwa na riveti. Nje ya kiwanda nina wasiwasi nayo, siyo kwa sababu ni dhaifu, ila inadai usafi ambao hauonekani baadaye, na mazingira ya vumbi na haraka yanaiua kimya kimya. Wanaojenga bodi za mabasi kwetu na kubandika paneli na vioo vya pembeni wanaweza kuanza na kitu kimoja kisicho na gharama. Kila siku ya kubandika, wachukue vipande viwili vya bati la aina ile ile, waviandae na kuvibandika kwa mikono ile ile na kopo lile lile, wavitundike jirani na basi, gundi ikishaiva wavibandue. Gundi ikichanika katikati, imebaki pande zote mbili, maandalizi yalikuwa sawa. Upande mmoja ukitoka bati tupu linang'aa, lile basi la abiria lisitoke karakana mpaka paneli za siku hiyo zibanduliwe na kurudiwa.